Mwaka Niliojifanya Sijui

Peninah alipofariki mwezi wa nne mwaka huu nilikwenda matangani kwake Bombolulu siku tatu mfululizo, na siku zote tatu nilikaa upande wa jikoni nikiosha vikombe. Siku ya pili mtoto wa kaka yake, aliyepewa kazi ya kuandika wasifu wa marehemu, alitoka uani na daftari lake akatuuliza wanawake tuliokuwapo, shangazi alifanya kazi gani hasa. Mmoja akasema kompyuta. Mwingine akasema alikuwa akiandikiana na Wazungu. Kijana akaandika hayo, akashukuru, akarudi ndani. Mimi kazi ile naijua kuliko mtu yeyote wa mji huu, kwa kuwa kwa mwaka mmoja niliifanya naye chumba kimoja, na sikufungua mdomo. Ningeanza kueleza ningelazimika kumsifu, na nikiwa na povu mpaka kwenye viwiko niligundua kwamba hata akiwa ndani ya sanduku bado namwonea wivu. Nimeona aibu tangu siku ile. Naandika sasa kile nilichomnyima kijana yule.

Ilikuwa mwaka tisini na sita. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nina cheti cha darasa la nane na kingine cha kupiga chapa, na kila asubuhi nilivuka feri kutoka kwetu Shika Adabu nikaenda Changamwe, kwenye ofisi ya Mzee Athmani. Ofisi ilikuwa ghorofani juu ya duka la vipuri vya malori. Chini mlisikika nyundo kutwa, na upepo ukigeuka harufu ya mafuta kutoka kiwandani iliingia mpaka ndani ya chai. Mzee Athmani alikuwa wakala wa kutoa mizigo bandarini, na mimi nilimwandikia barua za makontena. Lakini mwaka mmoja kabla ya hapo mteja wake mmoja alishindwa kuuchukua mzigo wake, nao ukamwangukia yeye: kompyuta kubwa za kijivu, nzito kama mawe ya kusagia, za aina ambayo Ulaya walikuwa wameacha kuzitengeneza. Hakuna aliyezijua. Akatafuta mtu, akampata Peninah, Mkamba aliyesomea ufundi wa kompyuta na aliyekuwa na umri kama wangu, akatugawia chumba. Upande wake meza ya mashine za kijivu, upande wangu meza ya barua, katikati ukuta wa plaiwudi usiofika darini. Tulikuwa tukiongea juu yake bila kuonana, kama majirani wanaoanika nguo.

Mashine zile zilikuwa nzima lakini bubu. Mtu anayeandika programu huandika maneno na alama anazozielewa yeye. Mashine haielewi hayo mpaka ipatikane programu nyingine ya kuyageuza yawe lugha ya mashine yenyewe. Programu hiyo ya kugeuza ndiyo inayoitwa kompaila, na kila aina ya mashine inahitaji iliyotengenezwa kwa ajili yake. Peninah aligundua kwamba iko kompaila ya bure, iliyotengenezwa na watu waliotawanyika duniani ambao hawajawahi kuonana, msimbo wake, yaani maandishi iliyotungwa kwayo, uko wazi kwa yeyote, na kwamba kwenye orodha yao ya mashine, ile yetu ya kijivu imetajwa. Akaagiza disketi kwa posta. Zilipofika pamoja na karatasi za maelekezo, alikuwa na homa, akaniomba nijaribu mimi. Nilifuata hatua kwa hatua, nikakwama hatua ya nne. Alipopona alitazama, akacheka. Hatua ya nne ilikuwa ya mashine nyingine kabisa. Aliyeiandika hajawahi kuigusa yetu.

Akawaandikia barua pepe kwa modemu ya Mzee, kwenye simu iliyokuwa ikilia kama paka anayekanyagwa. Aliwaambia kwa adabu kwamba orodha yao inatoa ahadi isiyo ya kweli, na kwamba ni heri mashine itolewe kuliko mtu wa Changamwe kupoteza siku nne. Nilitarajia watanuna. Badala yake walimwambia: basi itunze wewe orodha hiyo. Na akaitunza. Baada ya miezi michache alikuwa ameipanga upya yote. Mashine zikagawanywa makundi matatu, ambayo sisi kwa maneno yetu tuliyaita Ahadi, Jaribio na Bahati Yako. Iliyo katika Ahadi ni lazima ifanyiwe majaribio kila toleo jipya likitoka, na ikishindwa toleo zima linangoja mpaka itengenezwe au ishushwe. Ya Jaribio wanaijenga wakipata nafasi. Ya Bahati Yako, ukikwama usimlilie mtu. Akaandika na kanuni za kupanda na kushuka, na wale watu wakazikubali. Barua zao zilikuwa zikichapwa kwenye karatasi ndefu yenye matundu pembeni, nami nikizikata na kuzipanga kwenye faili. Zote zilianza na jina lake. Mimi ndiye niliyekwama hatua ya nne. Katika barua zote hizo sikuwahi kuliona jina langu, na nililitafuta, wallahi, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo ya mtihani.

Kati ya kanuni zake moja ilinihusu. Mashine haiingii Ahadi, wala haibaki humo kwa toleo jipya, mpaka mtu ambaye hakuhusika na kuandika maelekezo aijenge kompaila peke yake kwa kufuata ukurasa, bila kumuuliza mtu. Mtu huyo kwetu nilikuwa mimi. Tulifanya hivi. Nilihamia kiti chake mbele ya mashine na karatasi mkononi. Yeye alikaa nyuma yangu na penseli, viganja amevikalia ili asije akanyoosha kidole kunisaidia. Nilisoma kwa sauti, nikafanya kilichoandikwa na si zaidi. Nikikwama nilisema, "Hapa sielewi," na hakunijibu. Alichomoa mkono mmoja akaandika. Baadaye aliuandika upya ukurasa, akitafuta Kiingereza cha mtu wa darasa la nane, mpaka mashine yetu ikaingia Ahadi. "Ukikwama wewe, mbovu ni ukurasa," alizoea kuniambia. "Wewe huna kosa hata mara moja. Hebu niambie kazi nyingine ya namna hiyo." Saa sita Kadzo, aliyekuwa akiuza chini ngazini, alitupandishia mahamri na mbaazi kwenye beseni lililofunikwa kanga, akasimama mlangoni akitazama mwanamke mmoja amekalia mikono yake nyuma ya mwingine. "Nyinyi mwafundishana au mwawindana?" akauliza. Peninah alicheka mpaka akapaliwa.

Jumapili moja alinialika kwake Bombolulu, chumba cha kupanga chenye dirisha moja lililotazama karakana za wachonga vinyago. Alipika muthokoi wa kwao, mahindi yaliyokobolewa, na mboga, mimi nikaja na samaki wa kukaanga. Juu ya kitanda, pale ambapo wenzetu walibandika kalenda au picha ya harusi, alibandika ile orodha, makundi matatu, majina ya mashine kwa penseli ili aweze kuyafuta. Alinieleza kila moja kama anayeeleza ukoo. Hii ina mtu mmoja tu anayeidhamini, mzee wa kisiwa fulani cha baridi, akinyamaza siku thelathini baada ya kuulizwa itashuka. Hii ilikuwa Ahadi, ikashuka, mwenyewe akaandika akilia. "Ukiahidi usichokijaribu," akasema, "unamwibia mtu siku zake, na hakujui akuandame." Nilikula nikaitikia. Moyoni nilikuwa nikiangalia jinsi alivyo na kitu cha kubandika ukutani. Nikiwa kwenye feri kurudi nilijiapiza kwamba nami nitajua.

Na nilijua. Hilo ndilo ambalo hakuliona. Kila alipokwenda benki au posta kwa niaba ya Mzee nilivuka upande wake nikasoma vitabu vyake, nikajaribu vitu kwenye mashine ya pembeni, nikafuta nyayo zangu. Ilipofika mwezi wa tatu niliweza kuijenga kompaila ile bila karatasi. Sikumwambia. Nilitaka agundue mwenyewe, ageuke siku moja aseme, Mwanakombo, kumbe. Kila nilipokaa kwenye kile kiti nilisoma kwa sauti kama zamani, na nikakwama mahali ambapo mtu asiyejua angekwama kweli. Kufikia hapo sikuwa nimemdanganya kwa ubaya.

Mwezi wa sita alikuja mwalimu mkuu wa chuo kimoja cha ufundi cha Kisauni. Alitaka mashine ishirini za kijivu kwa darasa jipya, ila kwa sharti: aone kwa macho yake kwamba ziko katika Ahadi kwenye toleo litakalotoka Agosti, asije akawafundishia vijana kwenye mashine iliyotupwa. Mzee Athmani alifurahi akaagiza soda. Mimi nilikuwa upande wangu wa plaiwudi nikipiga chapa, wao upande wa pili. Nikamsikia mwalimu akiuliza, "Na yule binti mwingine, yeye hufanya nini?"

"Huyo ndiye asiyejua," Peninah akasema. "Kila mahali penye kazi hii wanatafuta mtu asiyejua kitu, hawampati. Mimi ninaye wangu."

Wanaume wakacheka. Nadhani aliendelea kusema kitu kingine, kwa sauti ya chini, lakini mimi sikusikia tena. Barua iliyokuwa mbele yangu niliiharibu, nikaitoa, nikaingiza karatasi nyingine, nikaiharibu nayo. Leo, nikiwa na umri huu, naweza kulipindua neno lile na kuona upande wake wa pili, kwamba alikuwa akijivunia mimi mbele ya watu. Siku ile nilihisi nimetajwa kama beseni.

Jaribio la toleo la Agosti lilifanyika mwisho wa Julai. Hatua ya saba ndiyo iliyokuwa roho ya ukurasa. Ukishaijenga kompaila mara ya kwanza, unaitumia hiyo uliyoijenga kujijenga yenyewe mara ya pili, na hiyo ya pili kujijenga mara ya tatu, halafu unalinganisha nakala mbili za mwisho. Zikifanana kila herufi, ni nzima. Peninah alikuwa ameiandika kwa mistari mitano mizuri sana. Niliisoma kwa sauti, nikasema, "Hapa sielewi. Sijui ni nakala ipi." Nyuma yangu nilisikia penseli. Siku mbili baadaye akaja na mistari mipya. Nikaisoma. "Hapa sielewi." Mara ya tatu aliiandika mbele yangu kwa mkono, polepole, kila neno kama anaweka yai, akanipa. Ilikuwa wazi kiasi kwamba mtoto angeweza. Nilisikia pumzi yake shingoni mwangu. Nikasema sielewi.

Siku ya mwisho ya kupeleka majibu Mzee Athmani aliingia na kofia mkononi, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Peninah, mwanangu. Hiyo mashine wewe waiweza?"

"Naiweza, mzee."

"Imejengeka?"

"Mikononi mwangu imejengeka."

"Basi waandikie imepita. Mbona wajitesa? Nani huko atajua?"

"Kanuni nimeiandika mimi. Mwanakombo amekwama mara tatu."

Mzee akageuka kwangu. "Mwanakombo."

"Abee."

"Kweli umekwama, mwanangu, au umechoka?"

Kabla sijajibu Peninah alisema, bila kunitazama, kana kwamba anasema jambo linalojulikana, "Mwanakombo hasemi uongo, mzee."

Nilikuwa na nafasi pale, ndefu ya kutosha. Nyundo za chini zilinyamaza kidogo, kisha zikaanza tena. Nikasema, "Nimekwama." Jioni ile ile Peninah aliihamisha mashine yetu kutoka Ahadi kwenda Jaribio, kwa mkono wake, na akatia sahihi jina lake. Mwalimu wa Kisauni aliposikia alinunua mashine za aina nyingine kwa muuzaji mwingine wa mjini. Mzee hakumfokea. Aliacha tu kuingia upande wake, na soda hazikuagizwa tena.

Nilidhani nitafurahi, na nilifurahi, nisiseme uongo. Kwa muda wa wiki moja nilivuka feri na kitu chepesi kifuani. Alikuwa amepungukiwa, na aliyempunguzia ni mimi, na kwa mara ya kwanza kitu nilichokifanya kimeonekana kwenye orodha inayosomwa duniani, hata kama jina langu halipo. Kisha nikaanza kumwona. Hakuiacha hatua ya saba. Aliiandika upya kila siku. Aliandika nyuma ya risiti za posta, kwenye karatasi za mahamri za Kadzo zenye mafuta. Asubuhi moja alifika amevaa gauni la jana. Mahamri yake yalipoa mezani, nikawa nayala mimi. Juu ya plaiwudi hakurusha neno. Nikimwona amekaa anaisoma mistari ile mitano ya kwanza, iliyokuwa kamili, akitafuta kosa ambalo halimo, wivu wangu ulikuwa ukipata shibe halafu unataka tena.

Mwezi wa kumi alinijia na karatasi ya mkono. "Dada, nipigie hii vizuri," akasema. "Ni ya kwenda posta, nataka iwe safi." Nikaiweka kando ya mashine yangu, nikaanza kupiga chapa kabla sijaisoma, kama tulivyofundishwa. Ilikuwa kwa wale watu wake. Aliwaandikia kwamba mtu asiyeweza kueleza hatua ya saba kwa mwenzake anayekaa naye chumba kimoja hafai kutunza maelekezo ya dunia nzima, na kwamba anaomba wamtafute mwingine. Nilifika neno "hafai." Nikaondoa mikono.

"Peninah."

"Mm."

"Hatua ya saba naijua."

Alidhani namfariji. "Usinionee huruma."

"Naijua tangu mwezi wa tatu. Naweza bila karatasi."

Akanyoosha mkono kuelekea upande wake, kwenye kile kiti. Nikaenda nikakaa. Sikusoma kitu kwa sauti. Niliijenga mbele yake tangu mwanzo, na kwa kuwa mashine zile zilikuwa za polepole ilituchukua kutwa nzima; Kadzo alipanda na beseni, akatutazama, akashuka bila kufanya mzaha. Karibu na alasiri nakala ya tatu ikamalizika. Nikailinganisha na ya pili. Zilifanana.

"Kwa hiyo ilikuwa sawa," Peninah akasema.

"Ilikuwa sawa."

"Tangu ile ya kwanza."

"Tangu ile ya kwanza."

Alikunja barua yake mara mbili, mara nne, mpaka haikukunjika tena. "Kwa nini?"

"Ulimwambia mwalimu mimi ndiye nisiyejua."

"Ulikuwa hujui."

"Nilikuwa najua."

"Ungeniambia basi." Sauti yake haikupanda. "Siku hiyo hiyo ungeniambia ningekuandikia kwao. Wanatafuta watu kila siku. Mashine nne hazina mdhamini." Akasimama, akachukua penseli, akairudisha mezani. "Nitawaandikia kwamba jaribio letu la Julai halikuwa sahihi. Jina lako sitalitaja."

"Litaje," nikasema. Nilimaanisha. Hata kwa ubaya, nilitaka liandikwe.

"Nitalitaja la nini? Hawakujui."

Hakuniambia neno lingine kuhusu jambo hilo, siku ile wala miaka yote iliyofuata, ambayo tulisalimiana vizuri, Idi na Krismasi, tukaulizana habari za nyumbani. Alibaki na ukurasa wake na akautunza mpaka macho yalipomkatalia. Kwa Mzee Athmani hakunishtaki. Lakini Novemba, toleo lingine lilipokaribia, mashine ya kijivu ilihitaji tena mtu wa kuijaribu ili irudi Ahadi, na nilipoinuka mezani kwa mazoea alitikisa kichwa. "Wewe sasa unajua," akasema. Lilikuwa neno nililolingoja mwaka mzima.

Akamwita Kadzo, naye akafunika beseni lake, akapanguza mikono kwenye kanga, akakaa kwenye kiti. Alikuwa ameishia darasa la saba. Mimi nilikuwa upande wangu wa plaiwudi na rundo la barua za makontena, nikimsikia akisoma kwa kidole, neno moja moja, akitweta kama anayepanda ngazi. Hatua ya kwanza ikapita. Ya pili alisimama.

"Hapa sielewi, dada Peninah. Hili neno ni nini?"

Hakujibiwa. Penseli ikaanza kukwaruza haraka haraka, na nikajua kwa mkwaruzo wake kwamba Peninah amefurahi, kwamba amepata kosa la kweli kwenye ukurasa ambao mimi nilikuwa nimeupita mara nane. Kadzo akacheka kwa haya. "Mimi mjinga jamani."

"La," Peninah akasema. "Huna kosa. Endelea."

Neno lile nililijua. Nilingoja kidogo, vidole juu ya herufi, kama nitaulizwa. Kisha nikapiga chapa namba ya kontena, na jina la meli.